Mistari Mia Mbili Bila Jina

Nchelenge, Jumanne, 1 Desemba 1998

Leo ziwa limefungwa. Serikali imepiga marufuku uvuvi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae, na boti za doria zinapita mbele ya Kashikishi na bunduki, kana kwamba adui wa nchi hii ni mama mwenye ndoo ya chisense, dagaa wa hapa. Sipingi samaki kuzaa. Kinachoniudhi ni kwamba wanalindwa kuliko watu. Ng'ambo, kwetu Kongo, watu wanauawa tangu Agosti, na hakuna mkubwa yeyote aliyetangaza miezi mitatu ya kuwaacha wapumue.

Naanza daftari hili kwa sababu gazeti nililoliandikia Lubumbashi limefungwa, shule niliyofundisha historia miaka kumi na tisa imekuwa kambi ya askari, na mimi, Berthe, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, nimebaki na chumba kimoja nyuma ya soko, masanduku mawili ya vitabu, na hasira isiyo na pa kwenda.

3 Desemba

Mvua kutwa. Paa linavuja juu ya vitabu. Vimelowa vyote isipokuwa kamusi.

7 Desemba, Jumatatu

Nimemsindikiza Delphine ofisini. Ni jirani yangu, mwuza samaki, ana miaka thelathini na mitatu na sauti inayosikika kutoka gatini hadi barabarani. Mwezi uliopita alikuwa hapa akiuza mzigo wake wakati askari walipoingia kijijini kwake, kwenye barabara ya Pweto kwenda Moba. Watoto wake wawili alikuwa amewaacha kwa bibi yao: Gaëlle, miaka kumi na miwili, na Guy, miaka sita. Waliovuka baadaye walimwambia kwamba bibi alionekana amekufa njiani. Watoto hakuna aliyewaona. Amekwisha kwenda kambi ya upande wa Kawambwa, hema kwa hema, akarudi peke yake.

Ofisi ya kutafutia waliopotezana iko ndani ya ua wa kanisa. Zamani orodha ya watoto waliookotwa ilikuja kwa gari, kwenye karatasi. Sasa wafadhili wameleta kompyuta. Kompyuta inapiga simu Lusaka, inalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, kisha inafungua ukurasa wenye majina kutoka Kawambwa, Mpulungu na hata Kigoma. Karatasi zimekomeshwa. Ni maendeleo, wanasema.

Anayeisimamia ni Fanwell, mtu wa hapa, mpole, shati limepigwa pasi hata kwenye matope haya. Kila Jumatatu na Alhamisi anafungua ukurasa, ananakili majina kwa mkono, anatoka barazani, anasoma. Akina mama wameketi kwenye sakafu. Jina likisomwa, Fanwell anangoja kidogo. Asipojibu mtu anasema, "Asante, mukwai," kwa heshima, kana kwamba mtoto mwenyewe amepita kumsalimia, kisha anasoma jingine. Leo majina sitini na moja. Hakuna Gaëlle, hakuna Guy.

"Alhamisi," Delphine akasema njiani.

10 Desemba

Hawamo.

14 Desemba

Hawamo. Mvua.

24 Desemba

Mama mmoja kutoka Kilwa, kisiwa cha ziwa hili, amesikia jina la mwanawe. Alianguka kwenye sakafu kabla Fanwell hajamaliza kusoma jina la baba. Tulipiga vigelegele hadi Padri akatoka. Delphine alipiga makofi kuliko wote. Niliitazama mikono ile ikipiga na nikachukia kila jemadari aliye hai.

1 Januari 1999, Ijumaa

Redioni marais wamesalimu mataifa yao. Nilizima.

6 Januari

Delphine ameniambia mpango wake. Tulikuwa tunachambua mchele. Ananiita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Berthe, ziwa ikifunguliwa, miye nitavuka."

"Kwenda wapi?"

"Kuwatafuta batoto bangu. Nitaenda njia yote mupaka Moba."

"Kuna vita njia yote hadi Moba."

"Njo pale batoto bangu beko. Kama orodha iko nabo, nitakaa. Kama haina nabo, kazi yangu ya kukaa hapa ni gani?"

Kwa sasa hakuna anayekubali kumvusha. Doria inakagua kila chombo, na wenye mashua wameziburuta juu mchangani. Samaki wakilindwa na yeye analindwa, basi. Kwa mara ya kwanza nimeipenda marufuku.

14 Januari, Alhamisi

Nimeandika barua ya kurasa tano kwa wafadhili kuhusu barabara ya Kawambwa na kuhusu kukomesha karatasi. Niliipiga chapa juzi kwenye chumba cha kuchapia huko Mansa, ambapo kompyuta moja inahudumia kwaya, misiba, harusi na wanafunzi wote wa mkoa, nikaja nayo kwenye disketi. Fanwell alinichapishia bure. Alisoma ukurasa wa kwanza, ule unaomwita "karani wa mashine", akasema tu, "Ba Madamu ana Kiingereza kikali." Kisha akafuta vumbi kwenye kompyuta na kuifunika kitambaa chake cha maua.

Sijui mtu afanyweje ili akasirike.

18 Januari

Fanwell alitoka barazani mikono mitupu.

"Leo hakuna jina, mukwai."

21 Januari

"Leo hakuna jina, mukwai."

25 Januari

Hakuna jina. Akina mama wamepungua barazani.

28 Januari

Hakuna jina. Vita vinaendelea, watu wanavuka mipaka mitatu, na eti kwa wiki mbili hakuna mtoto hata mmoja aliyepotea? Nimefundisha historia. Najua orodha za serikali zinapokuwa tupu ghafla, ama watu wote wamepona ama kuna mtu amekalia karatasi.

1 Februari, Jumatatu

Nilimwomba Fanwell anionyeshe ukurasa. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Mashini inachoka na watu wengi, Ba Madamu."

"Mimi ni mtu mmoja."

"Kesho kutwa, mukwai."

Nimeshindana maishani na wanajeshi, maaskofu na wakaguzi wa elimu. Wote walinipigia kelele, nami nikapata nguvu. Huyu ananitabasamia nami nashindwa. Upole wa namna hii ni ukuta uliopakwa rangi nzuri.

4 Februari

Nimeandika kikaratasi: "Kimya cha Ofisi." Nimekiandika kwa mkono, nakala kumi na mbili, kwa Kiswahili na Kibemba, nikakibandika sokoni Kashikishi, zahanati, na kwenye mlango wa kanisa lenyewe. Nimesema ofisi hii inaficha majina, au inayauza, au imelala juu yake. Nimesema mama anayengoja barazani kwa karani kama huyu anangoja mfupa uote nyama. Nimesema afadhali miguu yake mwenyewe.

Soko zima lilisoma. Wanaume walicheka na kunipa mkono. Delphine hakucheka. Alisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno.

8 Februari, Jumatatu

Fanwell alinikuta barazani na kikaratasi changu mkononi, kimekunjwa vizuri mara nne. Nilijipanga kwa vita. Akafungua mlango.

"Ingia, Ba Madamu. Ona mwenyewe."

Aliondoa kitambaa. Akawasha. Programu ya kufungulia kurasa, ambayo anaiita brauza, ilipofunguka haikwenda kwenye ukurasa wa ofisi. Ulikuja uso wa njano wenye meno, unacheka, unatikisika. Fanwell hakuutazama. Aliandika anwani kwa vidole viwili, tukangoja simu imalize kilio chake. Ukaja ukurasa wenyewe: juu picha ya mtoto na maneno makubwa yaliyochorwa, chini yake jedwali. Mistari na visanduku, kushuka chini, kushuka chini. Vyote vyeupe. Hakuna herufi.

"Tangu lini?"

"Katikati ya Januari."

"Na uso huu?"

"Siku ile ile. Ulianza kunicheka siku ile ile."

"Kwa hiyo hujui kama hakuna majina. Unajua tu kwamba huoni majina!"

Akainamisha kichwa. Nilipiga meza. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia kila mama aliyeondoka barazani ameondoka na uongo wake. Aliniacha nimalize, kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha gatini, maneno niliyoyakumbuka njia nzima:

"Wazungu walileta injini ya boti. Ikaharibika, nikaandika barua, wakaichukua kutengeneza. Haikurudi. Wakaleta friji ya dawa. Nikaandika barua. Haikurudi. Nikiandika kompyuta iko mugonjwa, watachukua, na ofisi itafungwa. Hapo akina mama watakaa wapi?"

"Piga simu Lusaka wakusomee!"

"Lusaka ndio watakaokuja kuichukua."

Ni kweli. Nimeona friji yetu ya shule ikiondoka vivyo hivyo. Tukakubaliana: siku kumi na nne, tutafute fundi, tusimwambie mtu. Mimi, niliyebandika karatasi kumi na mbili dhidi ya kimya, nimeahidi kunyamaza. Naiandika hapa ili angalau daftari lijue.

9 Februari

Nimebandua "Kimya cha Ofisi" kanisani. Sokoni kimekwisha liwa na mvua.

12 Februari, Ijumaa

Fundi amepatikana: Lackson, mtengeneza redio pale Kashikishi. Alifanya kazi ofisi ya mishahara ya mgodi kule Copperbelt, kwenye kompyuta, hadi mgodi ulipouzwa na watu kutupwa kama makapi. Ana miwani iliyofungwa waya na dharau kwa binadamu wote, nami nikampenda papo hapo.

Aliukagua ule uso wa njano kama daktari anayekagua ulimi.

"Ni virusi."

Mama mfagiaji, aliyekuwa mlangoni, aliacha ufagio.

"Kompyuta ina virusi? Ba Fanwell, ulilala na nani?"

Kabla ya jua kuchwa Nchelenge yote ilikuwa na habari. Siri yetu ya siku kumi na nne imedumu siku nne.

15 Februari

Lackson anahitaji dawa ya virusi. Iko kwenye disketi kwa mapadri wa Kasama. Basi la Kasama limekwama.

17 Februari

Limekwama.

18 Februari

Delphine amekuja na swali la moja kwa moja, amesimama, hakutaka kiti.

"Banasema mashini iligonjwa. Kumbe batoto bangu banaweza kuwa mule ndani?"

"Wanaweza."

"Ulijua?"

"Nilijua wiki moja na zaidi."

Alinitazama. Nilitamani atukane.

"Basi mupone haraka," akasema, kana kwamba mgonjwa ni mimi na Fanwell. "Tarehe moja ya Machi ziwa inafunguliwa. Nilishaongea na mwenye mashua."

22 Februari, Jumatatu

Siku ndefu. Nitaiandika yote.

Disketi ilifika na basi saa nne. Lackson aliiingiza, akatuamuru tuketi, tukaketi. Kompyuta ilisoma faili moja moja, ikahesabu, ikakwama, ikaendelea. Baraza lilijaa. Akina mama waliokwisha kata tamaa walirudi, wengine kutoka Chisenga kwa mtumbwi wa kasia, na Delphine mbele kabisa, kitambaa kipya kichwani kama cha Pasaka.

Saa saba mashine ikapiga mlio. Lackson akasogeza miwani.

"Wapo thelathini na nane," akasema. "Wamekaa ndani ya barua. Mtu akifungua barua, wanaingia barua zote. Wa kwanza aliingia tarehe kumi na nne Januari." Akanigeukia, akaniita mama kwa Kibemba. "Mayo, barua ya kurasa tano, ya barabara ya Kawambwa. Ni yako?"

Nilisema chumba cha Mansa ni kichafu, kila mtu anapitisha disketi yake pale, kwaya, misiba. Nilisema disketi hazina jina la mwenyewe. Nilisema mengi. Lackson alikwisha rudi kwenye kazi. Fanwell alikuwa anatazama dirishani, na niliona kwamba alijua. Alijua tangu siku ile ile uso ulipoanza kumcheka, dakika chache baada ya kunichapishia bure barua iliyomtukana. Alijua aliposhika kikaratasi changu kilichokunjwa mara nne. Hakunitaja.

Ningeweza kumsamehe lolote isipokuwa hilo.

Saa tisa Lackson akasema wamekufa wote. Akazima, akawasha. Brauza ikafunguka: uso wa njano haupo. Barazani wakashangilia kama timu imefunga bao. Fanwell akaandika anwani. Simu ikalia. Picha ya mtoto ikaja, maneno makubwa yakaja, jedwali likaja.

Tupu.

Lackson akafunga, akafungua tena. Tupu. Akavua miwani.

"Ugonjwa umekwisha," akasema polepole. "Mashine ni nzima. Nimepima mara mbili."

"Kumbe ni kweli," akasema Fanwell. "Kumbe kweli hakuna jina." Na niliona kwenye uso wake kitu kinachofanana na nafuu, kwa kuwa basi hakuwa amedanganya.

Mtu alipaswa kutoka nje kusema. Fanwell hakuweza. Nikatoka mimi, kwa sababu ninajua kusema mbele ya watu, ni kazi yangu, nimeifanya maisha yangu yote. Nikasema mashine imepona, imechunguzwa na fundi wa mgodi, na orodha ni tupu. Nilisema wazi, kwa sauti, bila kupaka sukari. Nilijivunia hata hivyo: hatimaye ukweli barazani.

Delphine alifungua kitambaa kichwani, akakikunja, akaondoka.

23 Februari

Amekuja kuniachia sufuria zake.

26 Februari

Nimemsihi. Nimetumia historia, ramani, redio, mifano ya watu waliokwenda na hawakurudi. Alikuwa anashona mfuko wa unga.

"Yaya, wewe njo uliandika: afadhali miguu yake mwenyewe."

Maneno hayo yalimhusu Fanwell. Yalikuwa pambo tu, la kufungia karatasi. Nilimwambia hivyo.

"Miye sikujua kuko maneno ya pambo," akasema.

1 Machi, Jumatatu

Ziwa limefunguliwa. Alfajiri ufukwe mzima ulikuwa mbio: nyavu, makasia, wanawake wenye beseni, wavulana wanapiga mbizi kwa furaha tupu. Delphine alipanda mashua ya Didier, mfanyabiashara wa kwetu anayepeleka chumvi na sabuni upande wa Pweto. Mfuko wa unga, jozi ya viatu vya mvua, na gauni la Gaëlle alilolinunua sokoni, kubwa kidogo, kwa kuwa mtoto atakuwa amerefuka.

"Ukae na amani, Yaya. Usiwagombeze batu sana."

Alikuwa anacheka. Mashua iligeuka, nami nikasimama ndani ya maji hadi magotini mpaka ilipopotea machoni.

2 Machi

Samaki wengi sokoni. Harufu hadi kwenye vitabu. Sikula.

4 Machi, Alhamisi

Saa tatu nilikuwa ofisini. Sikuwa na sababu. Baraza halikuwa na mtu. Fanwell alifungua ukurasa kwa mazoea, akaniacha nikiuangalia, akaenda kuchemsha chai. Lackson alikuwepo, anafungasha vifaa vyake.

Niliutazama weupe ule kama ninavyotazama tangazo la serikali: kwa chuki, mstari kwa mstari, nikitafuta pa kuuma. Na kwa kuwa chuki ina subira, nikaanza kuhesabu mistari. Jedwali lilishuka. Nikabonyeza, likashuka zaidi. Hamsini. Mia moja. Fanwell alirudi na chai, nikamnyamazisha kwa mkono. Mistari mia mbili na kumi na miwili.

"Ba Lackson," nikasema, "mtu mwenye akili timamu anachora mistari mia mbili kwa ajili ya watu wasiokuwepo?"

Akasimama na bisibisi mkononi.

"Desemba ilikuwa mistari mingapi, Ba Fanwell?"

"Kadiri ya majina. Sitini na moja, mistari sitini na moja."

Lackson alitupa begi lake chini. Akanisukuma kiti na yote, akashika kipanya, akakibonyeza juu kabisa ya jedwali na kukiburuta kwenda chini. Kilipopita, ukurasa uligeuka buluu, na ndani ya buluu, nyeupe, safi, mmoja baada ya mwingine, walitokea. Majina. Umri. Mahali. Walikuwa wamejaa pale. Walikuwa pale siku zote, maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe.

"Mjinga mimi," Lackson akasema. "Mjinga, mjinga. Nimemwua mwizi, sikutazama alichokigeuza ndani ya nyumba. Alibadili rangi ya maandishi. Dawa inaua virusi tu, mayo, hairudishi vitu mahali pake."

Aliingia kwenye mipangilio ya brauza, kwenye kidirisha kidogo cha rangi. Maandishi: nyeupe. Akachagua nyeusi. Akabonyeza kukubali. Ilichukua muda mfupi kuliko kupuliza chai. Ukurasa ukasimama mbele yetu kama ulivyokuwa Desemba.

Fanwell alisoma kimya, midomo ikitembea. Mstari wa themanini na tisa ulisimamisha kidole chake. Gaëlle, msichana, 12. Mstari wa tisini: Guy, mvulana, 6, ndugu wa 89. Jina la mama: Delphine, mwuza samaki, Nchelenge. Mahali: Mpulungu, walifika kwa boti kutoka Moba. Tarehe ya kuingizwa kwenye orodha: 16 Januari.

Alhamisi nilileta disketi, Jumamosi waliandikwa. Jumatatu, tarehe kumi na nane, Fanwell angetoka barazani na karatasi na kusoma majina yao, naye Delphine alikuwa ameketi mita tatu kutoka pale.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Nilianza na virusi, na kijana fulani asiyejulikana, mahali fulani penye umeme wa uhakika, aliyeona ni mchezo kufanya maandishi ya watu yasionekane. Nikaja kwa wafadhili na karatasi zao zilizokomeshwa. Nikaja kwa Lackson. Nikaja kwa Fanwell. Alikuwa analia, shati lake la pasi limelowa, na hapo nikafika kwa mtu wa mwisho: mimi.

5 Machi

Fanwell amesoma majina yote mia mbili na kumi na mawili barazani. Kabla ya kuanza aliwaambia watu kosa lilikuwa lake. Nikasimama nikasema lilikuwa langu, disketi yangu, barua yangu, kikaratasi changu, na tangazo langu la tarehe ishirini na mbili. Mama mmoja akasema, "Mugombane nyumbani, mutusomee." Tukasoma kwa zamu. Watoto sita wamepata mama zao.

Tumechapisha ukurasa wa mstari wa 89 na 90, nakala ishirini. Kila mashua inayokwenda upande wa Pweto imebeba moja.

9 Machi

Didier amerudi. Delphine alishuka Jumatatu ile ile jioni, na Jumanne alipanda lori la askari lililokuwa linaelekea kaskazini. Hakumwachia mtu neno. Karatasi zetu zimebandikwa gatini kwao. Lori halijarudi.

12 Machi

Fanwell amewaandikia wafadhili barua ya kweli, yote, kutoka uso wa njano hadi rangi. Alinipa niipitie Kiingereza. Sikugusa neno.

19 Machi, Ijumaa, Mpulungu

Siku nne njiani, mabasi matatu na lori la saruji. Ni nyumba ndefu karibu na bandari, watoto arobaini, mtawa mmoja mwenye funguo nyingi, ambaye watoto wanamwita masera. Niliwatambua kabla hajanionyesha. Gaëlle ana sauti ya mama yake. Alikuwa anawapanga wadogo mstari wa uji na hakuna aliyethubutu kuruka zamu. Guy amemshika sketi, hamwachi.

Nikajitambulisha: jirani ya mama yao, Nchelenge.

"Mama iko wapi?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno siku zote nne. Yalikuwa mazuri, yalikuwa na vita na mashine na mvua ndani yake. Msichana alinitazama usoni, nikayaacha yote.

"Amerudi kuwatafuta. Njia ya Moba."

"Lakini siye tuko hapa. Walituandika. Nilimuambia masera mara mbili aandike Nchelenge."

"Mliandikwa vizuri."

"Sasa nani alimuambia hatuko?"

"Mimi."

Hakulia. Aliitoa mikono ya Guy kwenye sketi yake, polepole, kidole kwa kidole, akamtuma akachukue uji. Alipokwisha kwenda, akanigeukia.

"Kama ni wewe ulimuambia, ni wewe utaenda kumuambia tena."

Masera anasema kuna boti ya wafanyabiashara inayokwenda Moba Jumanne, kama askari wa kule wataruhusu itie nanga, na kwamba mwanamke wa umri wangu hana kazi huko. Nimekwenda bandarini. Nahodha aliuliza nasafiri kwa shughuli gani. Nimeandikisha jina langu, na mbele yake, pale penye shughuli, nimeandika: kupeleka habari.